Mwalimu wa jiografia na mto wa barafu: jinsi tulivyochagua meli ya kwenda Alaska

Mama yangu alifundisha jiografia katika shule ya msingi Tanga kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka alichora barafuto ubaoni kwa chaki nyeupe, akaeleza jinsi theluji inavyorundikana mlimani, inavyojishindilia hadi ikawa barafu, kisha inavyoteremka polepole kama mto. Mfano wake ulikuwa Kibo, kwa sababu ndio mlima ambao watoto waliujua kwa picha. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na yeye hakuwahi kuikaribia. Alipokuja kwetu karibu na Seattle mwaka 2024, akiwa na miaka 72 na goti la kulia likimsumbua, tulimuuliza angependa kuona nini kabla hajarudi nyumbani. Hakutaja New York wala maduka. Alisema anataka kuona barafuto inayoishia baharini, ile inayokatika yenyewe na kuanguka majini.

Hiyo ni Alaska, na kwa mtu wa umri wake Alaska maana yake ni meli. Tangu turudi, ndugu na marafiki wameniuliza mara kadhaa, "Meli ipi nzuri?" Jibu la neno moja lingewapoteza, kwa hiyo naweka hapa kisa kizima pamoja na makosa yetu.

Tulikuwa watu saba: Mama, mimi na mume wangu, wanetu wawili wa miaka 13 na 9, mdogo wangu wa kiume anayekaa Minneapolis, na wifi yangu. Mdogo wangu na mkewe ni raia wa Marekani. Mimi, mume wangu na watoto tuna kadi za ukaazi wa kudumu na pasipoti za Tanzania. Mama alikuwa na viza ya matembezi ya Marekani, ya kuingia zaidi ya mara moja. Hilo la hati nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililogeuza mambo.

Tulivyoanza vibaya

Tulianza kwa bei, kama wengi. Mdogo wangu alipata ofa ya safari ya siku saba inayotoka Seattle na kurudi Seattle, kwenye meli kubwa sana. Gati liko nusu saa kutoka nyumbani, hakuna tiketi ya ndege ya kununua, na watoto walishapiga kura. Meli kubwa za Seattle zilikuwa zimejaa vishawishi. Norwegian Bliss, iliyoanza kazi 2018 na kubeba abiria wapatao 4,000, ina uwanja wa kuendesha vigari vya umeme juu kabisa ya meli. Quantum of the Seas na Ovation of the Seas za Royal Caribbean nazo zinabeba zaidi ya watu 4,000, na zina kidungu cha kioo kinachonyanyuliwa na mkono wa chuma hadi juu ya bahari. Mwanangu wa miaka tisa aliangalia video ya kile kidungu mpaka nikaichoka sauti yake. Tukalipa arubuni ya meli mojawapo.

Usiku mmoja nilikaa na ratiba nikaisoma mstari kwa mstari. Siku ya mwisho iliandikwa Victoria, Kanada: kufika saa mbili usiku, kuondoka saa sita usiku. Nikajiuliza ni nani anayepelekwa kutalii mji usiku, watoto wakiwa wamelala.

Sababu ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Meli iliyosajiliwa nje ya Marekani hairuhusiwi kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje: Bahamas, Bermuda, Panama, Uholanzi. Kwa hiyo meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle lazima iguse Kanada mahali fulani, na mara nyingi huwa ni Victoria, kwa saa chache za jioni, ili sheria itimizwe. Hata ukibaki chumbani umelala, ratiba yako imeingia Kanada.

Mtanzania mwenye viza ya matembezi ya Marekani anahitaji viza ya Kanada. Sisi wenye kadi za ukaazi tunaonyesha kadi na pasipoti, basi. Mama hakuwa na kitu. Mdogo wangu alisema, "Mama hatashuka, atabaki kabini, nani atamuuliza?" Lakini hati hukaguliwa siku ya kwanza, kabla hujakanyaga ngazi, kwa kila nchi iliyo kwenye ratiba. Asiyetimiza huachwa gatini na pesa yake haimrudii. Nilimpigia mdogo wangu saa tano usiku kumwambia. Hakupenda, ila alikubali.

Malipo ya mwisho kwa kawaida hudaiwa karibu siku 90 kabla ya safari, na sisi tulikuwa bado mbali, hivyo arubuni ilirudi. Mume wangu ndiye aliyesema neno lililofungua njia: "Ikiwa viza ya Kanada ni lazima hata tukitokea Seattle, tunang'ang'ania Seattle ya nini?"

Kuna bahari na bahari

Hapa inabidi nieleze hofu ya Mama, maana tulikaribia kuipuuza. Watu wa pwani yetu hawajasahau Septemba 2011, Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Kabla ya kuuzwa Tanzania, Skagit ilikuwa kivuko cha abiria cha jimbo la Washington, ikifanya kazi huku huku Puget Sound, kwenye maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Mama aliijua habari hiyo. Siku ya kwanza nilipompeleka ufukweni Seattle alitazama vivuko vya kijani na vyeupe vikipita, akaniuliza kama ni hapa ile meli ilipotoka. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama safari yetu ni ya maji kama haya au ya bahari kuu.

Meli nyingi zinazotoka Seattle kwenda Alaska hupita nje, magharibi ya kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki ya wazi. Meli za leo ni kubwa na salama, nami sikuwa na shaka na uhai wetu. Lakini kuchafukwa na roho siku nzima kwa bibi wa miaka 72 mwenye goti bovu na bakora mkononi si jambo la kubeza, na kuyumba ndiko kunakoangusha wazee. Meli zinazotoka mjini Vancouver hupita ndani, kati ya kisiwa hicho na bara, kwenye mlango mrefu wa bahari wenye misitu pande zote mbili. Kuna sehemu fupi zilizo wazi, hasa Queen Charlotte Sound, ambako mawimbi ya Pasifiki yanaingia kwa saa chache. Kwingineko ni kama kupita mtoni.

Tena njia hiyo yenyewe ni sehemu ya mandhari. Mahali paitwapo Seymour Narrows mlango unabana, na mkondo unaweza kufika noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, maji yanapojaa au kupwa. Nahodha hupanga saa ya kupita pale maji yanaposimama. Katikati palikuwa na mwamba uliovunja vyombo vingi hadi ulipolipuliwa kwa baruti Aprili 1958. Nilipomsomea Mama haya, ndipo nilipoona uso wake umebadilika. Nahodha anayengoja maji yasimame ni nahodha anayemwelewa.

Kwa meli kubwa kuliko zote Vancouver ina kizuizi chake: Daraja la Lions Gate lina kimo cha mita 61 juu ya maji, na baadhi ya meli zenye kimo kikubwa zaidi haziwezi kupita chini. Kwa hiyo ukisema "natoka Vancouver" umeshapunguza orodha ya meli bila kujua. Kwetu hilo lilikuwa jema.

Nani ana ruhusa ya kuingia

Sasa tulikuwa na mji wa kutokea. Bado swali la Mama: barafuto. Hapa ndipo kampuni zinapotofautiana kweli, kuliko chakula, kuliko mapazia ya chumbani.

Karibu kila ratiba ya Alaska ina Juneau, Skagway na Ketchikan. Maduka ya bandarini yanafanana, mabasi yanafanana. Tofauti iko katika ile siku moja ambayo meli haitii nanga popote, inaingia kwenye hori kutazama barafu. Kwenye matangazo siku hizo zote huitwa jina moja, ya kutazama mandhari, kana kwamba ni kitu kimoja.

Hifadhi ya Taifa ya Glacier Bay inaruhusu meli kubwa za utalii zisizozidi mbili kwa siku. Nafasi hizo hutolewa kwa mikataba na Idara ya Hifadhi za Taifa, na sehemu kubwa ziko mikononi mwa Holland America na Princess, ambazo zote ni za kampuni moja kubwa, Carnival. Kampuni ya Norwegian inaingia kwa baadhi ya safari zake. Ratiba za Royal Caribbean na Celebrity tulizozitazama zilikwenda kwingine: Hubbard, au hori ya Endicott Arm yenye barafuto ya Dawes, au jirani yake Tracy Arm. (Huko Tracy Arm, Agosti 2025, mlima ulimeguka karibu na barafuto ya South Sawyer na kuzusha wimbi kubwa, na kampuni zimebadili njia. Anayepanga sasa aangalie hilo.)

Sisemi Hubbard ni ndogo. Ni barafuto kubwa kuliko zote za Amerika Kaskazini zinazofika baharini: urefu wake ni kama kilomita 122 na uso wake una upana wa karibu kilomita 10. Ukibahatika kuikaribia, hakuna cha kulinganisha. Ila vipande vya barafu vinavyoelea mbele yake vinaweza kuizuia meli mbali, na ukageuza ukiwa umeona mstari mweupe tu. Glacier Bay nayo ina mawingu na mvua kama kwingine, lakini meli inakaa ndani ya hifadhi kwa karibu saa tisa au kumi, na wahifadhi wanapanda melini asubuhi kufundisha siku nzima. Kwa mwalimu mstaafu, hiyo ilimaliza mjadala.

Na kuna historia ya mahali penyewe, ambayo ni somo zima la jiografia. Nahodha Mwingereza George Vancouver na watu wake walipopita mwaka 1794, ghuba hilo halikuwapo. Palikuwa na ukuta wa barafu na mfinyo mdogo tu wa maji mbele yake. Mwaka 1879 alipokuja John Muir, mtaalamu wa mazingira ya asili, barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita. Leo meli inasafiri zaidi ya kilomita 100 kwenye maji yaliyokuwa barafu. Watu wa Tlingit wa Huna, wenyeji wa asili wa huko, waliishi bondeni humo kabla barafu haijasonga mbele na kuwafukuza. Wajukuu zao sasa wako Hoonah, ng'ambo ya mlango wa bahari.

Tulibaki na kampuni mbili, Holland America na Princess, na tofauti ikawa ndogo na ya wazi. Safari za Princess za kwenda na kurudi tulizozipata zilitokea Seattle. Zile za Vancouver nyingi zilikuwa za upande mmoja, zikiishia Whittier, ambako ungehitaji kurudi kwa ndege kutoka Anchorage. Tiketi saba za ndege hatukuwa nazo. Kama ungetaka kuunganisha na bara, mpaka mlima Denali, ningekuambia chukua hiyo ya upande mmoja bila kusita, maana Princess wana hoteli zao na mabehewa yao huko ndani. Holland America walikuwa na safari ya siku saba kutoka Vancouver na kurudi Vancouver, ikipitia Juneau, Skagway, Glacier Bay na Ketchikan, kwenye meli ya watu zaidi ya 2,000 kidogo. Tukachukua hiyo.

Njia mbili nyingine tulizitazama kwa haraka. Meli ndogo, kama za UnCruise au Lindblad, zinabeba watu wasiozidi mia moja, zinaingia mahali ambapo kubwa hazifiki, na kwa kuwa zina bendera ya Marekani hazihitaji kugusa Kanada. Mama asingehitaji viza ya pili. Lakini bei ya mtu mmoja ingelipia nusu ya familia kwenye meli kubwa, na kushuka kwake ni kwa mashua za mpira. Goti lilikataa. Mume wangu alikuwa na ndoto ya kivuko cha serikali ya Alaska, kilichoanza 1963, kinachotoka Bellingham na kufika Ketchikan kwa karibu siku moja na nusu, watu wakilala sitahani kwenye mahema. Kwa kijana mwenye afya na begi moja naona hiyo ndiyo safari bora kuliko zote nilizozitaja, kwa kuwa unasafiri na wenyeji wanaokwenda kwao. Ila kivuko hakiendi kusimama mbele ya barafuto, na bibi hawezi kulala hemani.

Hesabu

Bei ya tangazo ni mwanzo tu. Juu yake kuna ushuru wa bandari, intaneti, matembezi ya nchi kavu, na bakshishi ya wafanyakazi ambayo wakati huo kampuni nyingi ziliiweka kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu saba na siku saba, hiyo peke yake ni karibu dola 900. Mdogo wangu hakuwa ameihesabu, na alipoiona alidhani nimekosea.

Tulikata kwenye vyumba. Sisi watano tulichukua vyumba vya ndani visivyo na dirisha, ambavyo ni vya kulala tu. Mama alipewa chumba chenye roshani, katikati ya meli, sitaha ya chini kiasi, kwa sababu katikati na chini ndiko meli inakoyumba kidogo. Binti yangu alilala naye. Roshani ikawa sebule ya familia nzima. Ningeweza kurudia uamuzi huo mara kumi.

Viza ya Kanada ilichukua wiki kadhaa, alama za vidole zikiwemo, na hatukulipa malipo ya mwisho mpaka ilipobandikwa kwenye pasipoti. Chakula tulikiandikia ombi mapema. Mama alikula samaki na mboga, na alipoona salmoni mbichi ya Alaska imeokwa bila viungo alisikitika kwa ajili ya yule samaki, akatoa mfuko wake mdogo wa pilipili manga na bizari.

Ilivyokuwa

Tuliondoka Vancouver wiki ya tatu ya Juni. Kabla ya kung'oa nanga kila abiria huelekezwa kituo chake cha dharura na kuonyeshwa boya la kujiokolea. Mama alilivaa, akakaza mikanda, akamwomba mfanyakazi amwonyeshe mashua yake kwa kidole. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za kuzama.

Jioni aliuliza kibla. Juni huko juu jua linatua karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na giza lenyewe haliingii sawasawa. Alikuwa msafiri, akajumuisha maghribi na isha. Lakini upande? Mdogo wangu alitoa simu akatafuta. Dira ikaonyesha karibu kaskazini kabisa, nyuzi chache tu upande wa mashariki. Mama alidhani simu imeharibika. Tanga kibla ni kaskazini, na kwa Kiswahili chetu cha pwani neno kibla lenyewe hutumika kwa maana ya kaskazini. Vipi mtu avuke nusu ya dunia akute kibla iko palepale?

Kisha mwalimu akaamka ndani yake. Alichukua chungwa kutoka sahani ya matunda, akatia alama ya Makka kwa kalamu, akatia ya Tanga chini yake, kisha akaligeuza na kutia ya Juneau upande wa pili. Akavuta uzi kutoka kwenye shungi la khanga, akaunyoosha kutoka Juneau mpaka Makka kwa njia fupi kuliko zote. Uzi ukapita juu ya kikonyo, yaani ncha ya kaskazini. "Mnaona? Tanga anaiendea kwa mbele, Juneau anaiendea kwa kupanda juu ya dunia na kushukia upande wa pili. Wote wanaanza kwa kaskazini." Watoto walilishika lile chungwa zamu kwa zamu, na hakuna aliyekubali liliwe.

Juneau tulikuwa meli tano bandarini, na tano ndiyo kikomo ambacho mji ulianza kukitumia mwaka huo huo wa 2024. Ni mji wa watu wapatao 32,000, usio na barabara inayouunganisha na kwingine. Ukishuka na maelfu ya wenzako unajiona mzigo kwa wenyeji, na nadhani hisia hiyo ni ya haki. Tulikwenda kwa mashua kutazama nyangumi wenye nundu. Sheria inataka mashua ikae angalau mita 91 kutoka kwao. Nyangumi hao hutoka Hawaii kuja kula huku kiangazi, kama ambavyo wenzao wa kusini hupanda kutoka Antaktika hadi pwani yetu kuanzia Julai. Safari ya helikopta aliyoilipia mdogo wangu ilifutwa kwa mawingu na pesa ikarudi. Yeyote atakayepanga ajue kwamba hilo hutokea mara nyingi.

Siku ya Glacier Bay wahifadhi walifika asubuhi kwa boti ndogo, wakapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli huku meli ikitembea. Mama alikuwa tayari juu, ameketi kwenye kiti karibu na ukingo, koti la mume wangu mwilini na khanga mbili juu ya koti. Saa nzima za mwanzo ni milima na maji ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kijani, kwa sababu ya unga wa mawe ambao barafu inausaga. Vipande vya barafu vikaanza kupita, kwanza vya ukubwa wa ndoo, baadaye vya ukubwa wa daladala.

Barafuto ya Margerie ina uso wa karibu kilomita moja na nusu, unaosimama kama mita 75 juu ya maji. Meli ilizima kelele zote ikageuka polepole, ili kila upande upate kuona. Kwanza ni mlio mkavu, kama ubao unaopasuka. Kisha bamba la barafu likatoka usoni, likaanguka bila sauti, maji yakaruka, na ndipo mngurumo ukatufikia. Watlingit huuita ngurumo nyeupe. Watu walipiga kelele. Mama alikuwa anahesabu. Kwenye anguko la tatu alimshika mwanangu mkono: "Hesabu kuanzia unapoona mpaka unaposikia." Mtoto akahesabu mbili na kidogo. "Sauti huenda mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Tuko umbali gani?" Mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa amelilia kidungu cha kioo, alisimama kwenye baridi akifanya kuzidisha kwa vidole.

Siku za baharini watoto walilalamika. Meli tuliyochagua haina vigari wala kuta za kupanda, na abiria wengi wana umri wa Mama. Mwenye vijana watupu ndani ya nyumba afikirie hilo kwa uzito. Kwake huenda Norwegian inayoingia Glacier Bay ikafaa zaidi, mradi asome tarehe yenyewe, kwani si kila safari yao inaingia.

Kosa lililobaki lilikuwa Ketchikan. Niliweka matembezi ya saa mbili asubuhi bila kufikiria maji. Huko tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 5, na ngazi ya kushukia hupanda na kushuka pamoja na meli. Mvua ilikuwa inanyesha, mteremko umekuwa mkali na unateleza. Mama alisimama juu ya ngazi, akatazama nguzo za gati zilizoota magugu na chaza hadi juu sana. "Maji yamekupwa, na mwezi unakaribia kukamilika, hili ni bamvua. Tungoje." Tukapoteza matembezi, tukanywa chai ya maziwa, na baada ya saa tatu akashuka mwenyewe kwa bakora yake bila kushikwa. Nikipanga tena nitaangalia jedwali la maji kabla ya kulipia chochote cha asubuhi.

Usiku ule wa kutoka Glacier Bay, kabla hatujafika Ketchikan, nilimkuta Mama kwenye meza ya roshani na daftari la mjukuu wake. Alikuwa amechora barafuto kama alivyoichora ubaoni miaka yote, mlima, bonde, ulimi wa barafu unaoshuka. Kisha akaomba penseli ya buluu, akapaka nyufa za usoni. Akaomba nyeusi, akavuta mistari ya mawe na udongo inayoteremka katikati ya barafu tangu juu hadi baharini, akiilinganisha na picha kwenye simu yangu. Nyeupe ilibaki sehemu ndogo tu, karibu na kilele. Chini akaandika jina la hori, mwaka, na umbali waliouhesabu na mjukuu wake: mita 750.